Ukuta wa Kibla

Nikiitwa kutundika televisheni ukutani, swali langu la kwanza baada ya salamu ni kibla ni upande gani. Wageni waliohamia hushangaa. Wenyeji hunionyesha kwa kidevu tu, na mimi huutoa ukuta huo katika hesabu zangu. Huku kwetu Lamu wanawake huswali vyumbani, na hakuna anayetaka kusujudu mbele ya watu wanaokimbiza mpira.

Jambo hili sikulisoma chuoni. Nilijifunza mtaani Wiyoni, nilipoanza kazi, kwa bibi harusi mpya aliyenionyesha ukuta mpana mweupe akaniambia nitundike hapo. Nikatundika. Nilikuwa bado nafagia vumbi mama mkwe wake alipoingia, akatandika msala, akainua mikono kufunga swala, kisha akaishusha polepole.

"Bi fundi," akaniambia, "huyu msoma habari ndiye imamu wetu?"

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi pia nilicheka, nikaihamisha, nikaziba matundu. Lakini nilipofika nyumbani niliyarudia maneno yale kichwani, nikatafuta kama kulikuwa na hasira ndani yake, kama watu wangeniita tena, kama kuna nyumba nyingine ambako nilifanya vivyo hivyo na wakaona haya kusema. Ndivyo nilivyo. Nikishamaliza kazi ya mtu, siku inayofuata humtumia ujumbe kumuuliza kama televisheni bado iko juu. Mmoja alinijibu, "Iko. Kwani waiombea ianguke?"

Nilisomea uhandisi wa umeme Nairobi. Nilirudi na shahada, nikatuma maombi ya kazi mpaka nikachoka kusubiri majibu, na mama ndiye aliyeona riziki ilipo. Nyumba za mji wa kale zina vyumba vya ndani ambavyo mwanamume wa nje haingii hivi hivi. Akiitwa fundi mwanamume, wenye nyumba wanawake hujifunika, hujifungia jikoni, na kazi ya muda mfupi huwa adha ya mchana kutwa. "Wewe waingia popote," mama aliniambia. "Wende na dude lako chini ya buibui." Dude lenyewe ni dreli. Nilipopita barazani nimeibeba hivyo, shoga zake walinitania: "Wenzio wabeba pochi, wewe wabeba bunduki!" Na mama akajibu kabla yangu, "Basi mjihadhari naye."

Nasema haya ili ieleweke kwamba kazi hii ni yeye aliyenipa. Na ndiyo iliyonifanya nisiwe na kisingizio ilipofika zamu yake.

Maradhi yalimshika mama kwenye nyonga ya kushoto, ndani ya mfupa. Tulikwenda Mombasa, tukarudi, tukaenda tena, na safari ya mwisho daktari alizungumza na kaka yangu pembeni kwa sauti ya chini. Kaka anafundisha Faza, kisiwani Pate, na hakuweza kukaa nasi. Tukabaki watatu nyumbani: mama, mimi, na khaloo, dada mkubwa wa mama, aliyehamia kwetu na mto wake na birika lake la udhu, wala hakuna aliyemuuliza atakaa mpaka lini.

Mama hakuweza kukaa. Hakuweza kulala chali wala ubavu wa kushoto. Alilala ubavu wa kulia tu, na kitanda chake tukakiweka ili alale akielekea kibla, kwa sababu swala zake zote aliziswali palepale, kwa ishara za mato, yaani macho, kama alivyosema mwenyewe. Kwetu kibla ni kaskazini, karibu sawasawa. Vyumba vya nyumba zetu ni virefu na vyembamba, kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba dari hazifiki mbali. Kwa hiyo mbele ya uso wa mama palikuwa na nafasi ya mtu mmoja kusimama, halafu ukuta. Nyuma yake ndiko kulikokuwa na chumba chote, na mlango, na sisi.

Jambo moja tu alilitaka. Alikuwa amejiwekea nia ya kwenda Hija, na nia hiyo alikuwa nayo tangu mimi sijazaliwa. Aliposikia kwamba safari haitakuwako tena, hakulia mbele yetu. Siku nyingi baadaye, nikimkanda miguu, aliniambia akiutazama ukuta:

"Nataka niwaone mahujaji Arafa. Siku yenyewe, wakiwa wamesimama. Kwa tivii, basi. Yatosha."

"Nitakuonyesha kwa simu, mama."

"Kwa simu ni wadudu. Mato yangu hayaoni watu humo."

Mwezi wa Mfungo Tatu, mwezi wa Hija, ulikuwa karibu. Nilikwenda sebuleni nikaitazama televisheni yetu iliyokaa juu ya meza yake. Meza isingeingia kati ya kitanda na ukuta, kwani hapo ndipo tuliposimama kumwosha na kumgeuza kidogo. Kukigeuza kitanda kungemfanya aipe kibla mgongo. Nilizunguka kwa mawazo kama ninavyozunguka siku zote, nikajaribu kila upande wa chumba, na kila mara nikarudi palepale. Pahali pekee pa kutundika palikuwa ukuta wa kaskazini, mbele ya uso wake. Ukuta ambao mimi siutundikii kitu.

Nilimwambia khaloo jikoni. Aliacha kukuna nazi.

"Ukuta wa kibla? Mgonjwa aswali akielekea tivii?"

"Hakuna ukuta mwingine anaouona, khaloo."

"Basi asione. Yeye sasa ni mtu wa kuelekea Mola wake, si wa kuelekea vioja."

"Si vioja. Ni Arafa."

"Na baada ya Arafa yatakuja matangazo ya sabuni."

Mama alitusikia. Nyumba za mawe zina tabia hiyo, sauti husafiri kupitia juu ya milango. Alimwita aje kwake, kwa Kiamu chake, "Dada! Ndoo!" Khaloo akaenda na mbuzi wa kukunia nazi mkononi. Mimi nikasimama mlangoni.

"Makka ni upande upi?" mama akauliza, bado anautazama ukuta.

"Wajua mwenyewe."

"Basi nikiiona kule iliko, kosa langu ni lipi?"

Khaloo aliweka chini mbuzi wake. Kisha akasema itatundikwa kwa sharti moja: iwe na pazia, na ikiadhiniwa lifungwe, na atakayelifunga ni yeye, si mimi, kwa sababu mimi hujisahau nikifikiri. Akatoa leso yake mpya sandukuni. Akaitafutia upande usio na maandishi mazito, akaikunja ili jina la leso lielekee ukutani, asije mtu akaswali huku anasoma.

Hapo ndipo hofu yangu ilipoanza kwa kweli. Kuta zetu ni za matumbawe na chokaa. Ukizitoboa kwa dreli inayogonga, jiwe huvunjika ndani kama biskuti, na vile vidude vya plastiki vinavyoshika skrubu katika nyumba za saruji hapa huzunguka bure. Kwa wateja nilikuwa na njia yangu: natoboa taratibu bila kugonga, napigilia vigingi vya mkoko vilivyokauka, naviziba pembeni kwa chokaa, naacha ikauke vizuri, ndipo natia skrubu kwenye mti na breketi juu yake. Haijawahi kuanguka hata moja. Lakini chini ya zile nyingine hakuwa amelala mama yangu, asiyeweza kujisogeza hata ikiwa ameiona inakuja.

Nililala na jambo hilo na kuamka nalo. Nilipima, nikafuta, nikapima tena. Nikaanza hata kujiuliza kitu ambacho hakuna fundi mwenye akili timamu anayejiuliza: kwa kuwa yeye amelala ubavu, je, televisheni nayo nisiilaze ubavu, ili picha ikae sawa na macho yake? Nilichora kwenye karatasi. Nililala sakafuni ubavuni nikatazama simu iliyosimama, kisha iliyolala. Mwishowe nikamuuliza.

Alicheka. Ilikuwa ni muda hajacheka, kwani kicheko kilimuuma nyongani. "Waitaka Makka ilale na mimi? Iwate isimame. Mimi ndiye mgonjwa."

Nikaitundika chini kuliko kawaida, usawa wa mto wake. Siku ya kutoboa khaloo alimfunika mama uso kwa mtandio wenye unyevu, kwa vumbi la chokaa, na mimi nikatoboa nikisoma Bismillahi kwa kila tundu. Kisha tukasubiri ukuta ukauke. Chokaa haina haraka, na mwandamo wa mwezi haumsubiri mtu. Kila asubuhi nilikigusa kigingi kwa kidole na kujiuliza kama ubaridi ule ni unyevu au ni asubuhi tu. Mwezi ulipoandama nilikuwa bado nagusa. Khaloo akaniambia, "Utaubembeleza ukuta mpaka watu warudi Hija." Siku hiyo nikatia skrubu, nikapachika breketi, nikaiweka televisheni, nikaweka pimamaji juu yake, na kipovu kikasimama katikati. Nilining'inia kwenye breketi kwa mikono yangu miwili kuijaribu. Ilishika.

"Yaonekana?" nikauliza.

"Yaonekana," mama akasema.

Siku zilizofuata tulikuwa na utaratibu mpya. Alitazama Haram ya Makka, watu wakizunguka Al-Kaaba mchana na usiku bila kwisha. Ikiadhiniwa khaloo aliingia kwa kandambili zake, akavuta leso kwenye uzi niliomfungia, mama akaswali kwa mato yake, kisha khaloo akasubiri amalize dua, akaivuta tena. Mimi nilikaa nyuma ya kitanda, kwenye kiti karibu na mlango, na macho yangu yalikuwa kwenye vigingi vinne. Nikisikia mchanga kidogo wa chokaa ukidondoka nyuma ya televisheni, nilisimama, nikagusa, nikakaa. Sijui alichokuwa akiambiwa na picha zile. Nilikuwa natazama skrubu.

Kitu kimoja kilinitatiza. Mara nyingi aliniambia, "Izime." Nilidhani inamchosha. Nikiuliza kama niifunike basi kwa leso, alisema, "La, iwate wazi." Nikalitia hilo katika orodha ya mambo ya kuwaza: labda mwanga unamuumiza macho, labda nimeiweka karibu mno, labda haipendi na anaona haya kuniambia baada ya tabu yote ile.

Siku ya Arafa tulifunga, mimi na khaloo. Mji ulikuwa kimya kama unavyokuwa watu wakifunga. Tulimwosha mama mapema, khaloo akamvika nguo nyeupe aliyoipiga pasi mwenyewe, akamtia wanja kidogo na asumini kwenye mto. Adhuhuri mahujaji walikuwa wamejaa uwandani, weupe mpaka picha inapokomea. Leso ikavutwa, swala ikaswaliwa, leso ikafunguliwa. Mama hakufanya chochote isipokuwa kuangalia. Niliuona mkono wake juu ya shuka, kidole cha shahada kimenyooka.

Kidogo baadaye stima ikapotea.

Picha ilitoweka bila sauti. Feni ya dari ikazunguka kwa uzembe, ikasimama. Nilimsikia jirani ng'ambo ya ukuta akilalamika, nikajua ni mtaa mzima. Nilikimbia ngazini. Nilipiga simu kwa kila niliyemdhania ana jenereta. Mwenye nayo wa kwanza alikuwa bara, kule Kililana, na ufunguo ameuchukua; wa pili, jenereta yake ilikuwa imekwama na kufunguliwa vipande vipande. Mtandao wa simu nao ukaanza kuyumba, na ile picha ndogo niliyotaka kumwonyesha, hata kama ni ya wadudu, ikagoma kufunguka. Nilirudi juu, nikashuka, nikapanda. Nikamwambia mama inarudi sasa hivi. Nilimwambia hivyo mara nyingi mpaka khaloo akanishika kifundo cha mkono.

Jua lilikuwa linashuka. Arafa humalizika jua likizama, na baada ya hapo watu huondoka pale. Nililijua hilo kama kila mtu alijualo, na ndilo lililokuwa likinizunguka kichwani: kiza kikiingia kule, kitu chake alichokitaka kimekwisha, na hakitakuja kingine.

Nilisimama mlangoni nikiwa sina la kufanya. Mgongo wake ulikuwa mwembamba ndani ya ile nguo nyeupe. Nilikuwa nalia bila sauti, ili asijue.

"Futa mato," akasema. "Utafuturu chozi."

Nikamtazama khaloo nikidhani yeye ndiye aliyeambiwa. Khaloo alikuwa amekaa, macho makavu.

Ndipo nikasikia hatua ngazini. Kaka yangu alikuwa ameingia kutoka Faza kwa ajili ya Idi, hakuniambia boti aliyopanda kwa kuwa alijua ningeanza kuhesabu mawimbi. Alisimama nyuma yangu, begi begani, kabla hajafungua kinywa kusalimu.

"Mbona umekonda hivo?" mama akamwuliza, uso wake ukutani. "Na ndevu hizi ni za nani?"

Kaka alinitazama, nami nikamtazama. Kisha nikaitazama televisheni, kwa mara ya kwanza bila kutazama skrubu zake. Kile kioo cheusi kilikuwa kimekichukua chumba chote. Mlango ulikuwamo, na mwanga wa uani nyuma yake, na sisi wawili tumesimama, na khaloo kwenye kiti chake, na juu ya mto, karibu na ukingo wa chini, uso wa mama. Alikuwa anatutazama.

"Tangu lini watuona?" nikamuuliza.

"Tangu uitundike," akasema. "Kabla yake nilikuwa nikiwasikia tu. Mwaingia, mwatoka, mwanisemesha mgongo. Sikuwa najua nani amenuna." Akavuta pumzi. "Wewe wakaa pale wautazama ukuta kama waudai deni. Nikawa nakutazama."

Kaka akaenda kupiga magoti kwenye ule wembamba mbele ya kitanda, akamziba kioo, na mama akamwambia, "Rudi nyuma, nikuone mzima." Sote tukacheka, na ndani ya kile kicheko nikasikia sauti ya mama ikivunjika.

"Lakini nilitaka kuwaona," akasema. "Nilitaka niwaone mpaka jua lizame."

Khaloo alisogeza kiti akakaa pale ambapo ataonekana vizuri. Kaka akasimama upande huu, mimi upande ule, na tukakaa hivyo, wote tunamwangalia kwenye kioo naye anatuangalia, mpaka chumba kikawa cheusi sawa na televisheni na hapakuonekana mtu. Adhana ya magharibi ikaja. Khaloo akainuka, akapapasa, akavuta leso. Tukafuturu gizani kwa tende na maji. Stima ilirudi baadaye sana, na nilipouliza kama niwashe alisema la.

Alifariki Idi imekwisha, watu wakiwa bado wanapelekeana nyama. Ilikuwa alasiri, na alikuwa ameelekea kibla tayari, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kumgeuza. Khaloo alimfumba macho, na kabla hajalia alinyoosha mkono akaivuta leso.

Matanga yalipokwisha, kaka aliichukua televisheni akaenda nayo Faza. Mimi ndiye niliyeiteremsha. Skrubu zilitoka. Vigingi vilikataa. Nilivuta kwa koleo, nikatikisa, nikagonga pembeni, na chokaa ilikuwa imevishika kama imezaliwa navyo. Siku zile zote nilizokuwa nikiisikiliza idondoke, ilikuwa inazidi kukamata. Nikaviacha, vinne, vimechomoza kwenye ukuta mweupe.

Nilikuwa nimechoka, nikalala kitandani pake. Sikukusudia, lakini nililala ubavu wa kulia. Mbele yangu palikuwa na ukuta. Paliungwa vibaya mahali fulani zamani, na ufa mwembamba ulishuka kutoka kwenye boriti hadi karibu na kigingi kimoja, ukapotea. Nikautazama. Nyuma yangu chumba kilikuwa na sauti zake: mlango, pazia, kandambili sakafuni. Mtu aliingia, akasimama. Nilimsikia akipumua. Nilingoja, sikugeuka, na sikuweza kujua ni nani, wala kama alikuwa analia, mpaka aliposema.

"Ndoo ule kitu," khaloo akaniambia mgongoni.